Nahodha Hakufungua Mlango, Niliufungua Mimi

Mpendwa Bi Celina,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na ukishanisaidia unigombeze, kwa sababu hapa nyumbani hakuna wa kunigombeza, wote wana furaha, na furaha yenyewe ndiyo inayoninyima usingizi.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani, nashonea barazani kwetu Mtaa wa Narung'ombe hapa Kariakoo, magauni na sare za shule, kitambaa kikipatikana. Namtunza baba yangu, Mzee Abbasi, ambaye zamani alikuwa mpishi wa Wazungu huko Oysterbay kwa miaka kumi na tisa, akajifunza Kiingereza jikoni mwao, Kiingereza cha kuagizwa na kufokewa, lakini anakijua kwelikweli, akisikia habari za redio ya Kiingereza anacheka kabla ya mtangazaji hajamaliza. Sasa macho yake hayaoni, huu mwaka wa sita. Mama alishatangulia mbele ya haki. Tulizaliwa wawili tu, dada yangu Zamzam na mimi.

Dada Zamzam, Bi Celina, aliposwa na mtoto wa rafiki yake Baba, Baba akakubali, siku ikapangwa, halafu dada akasema hamtaki huyo, anamtaka Shomari, kijana wa kutoka Newala, mchukuzi wa mizigo pale sokoni. Baba akamwambia ukitoka na huyo mlango huu usiuone tena, naye dada ni mtoto wa baba yake, akachukua sanduku akatoka. Walifunga ndoa kihalali, baba mkubwa ndiye aliyesimama kuozesha, na kwa hilo Baba hakumsemesha kaka yake mwaka mzima. Miaka minne ikapita. Dada yuko Buguruni, si mbali, mtu anatembea kwa miguu akitaka, amezaa mtoto wa kiume, na Baba hajampakata mtoto wala kumsikia analia. Mimi nilikuwa naenda kwa siri, nikirudi nasema nilikuwa kwenye foleni ya sukari, na kwa kuwa foleni za sukari unazijua mwenyewe, hakuna aliyeshangaa nikichelewa.

Sasa mwaka jana mama mdogo wa Unguja aliteleza akavunjika mguu, nikaenda kumuuguza miezi miwili, Baba nikamwachia mpangaji wetu wa chumba cha uani, Paskalina, mtu mwema sana. Wenzetu wa Unguja wana televisheni, sisi huku Bara hatuna kitu hicho, na pale Ng'ambo imewekwa moja ukumbini ya watu wote, basi kila Alhamisi mama mdogo alikuwa ananifukuza nyumbani, nenda katazame utupumzishe na uso wako, ndiyo nikaenda, na Alhamisi ya kwanza tu nikakuta imeanza hadithi ya Kiingereza ya sehemu saba, ya watu wa angani, watu wote ukumbini wakiiita Nahodha, sijui jina lake la kweli.

Nikueleze kwa ufupi, ingawa mimi kwa ufupi siwezi. Chombo cha angani kimeanguka kwenye dunia nyingine, ya baridi, haina hata mti. Ndani kuna watu tisa na nahodha wao, mtu mzima mwenye mvi, mkali. Nje kuna viumbe. Na ndani ya chombo yuko msichana mmoja aliyevaa nguo ya kumetameta, nahodha anampenda, anamshika kichwa, anamfundisha kusoma zile saa zao ukutani. Huyu msichana akaanza kwenda dirishani kuwatazama wale viumbe, akawahurumia, na sehemu ya tatu akafungua mlango akawafuata. Nahodha akawaambia wenzake maneno makali, sikuyaelewa, lakini uso wake niliuelewa, nimeuona uso huo nyumbani kwetu. Sehemu zote zilizobaki msichana yuko nje na nahodha yuko ndani.

Hadithi ina kasoro, Bi Celina, sitakuficha. Kuta za chombo zinatikisika mtu akiegemea. Kuna jiwe kubwa lilimwangukia mmoja wao likadunda kama mto wa kulalia. Wanakimbia kwenye ujia mmoja, wakimaliza wanaukimbilia upya kutoka upande ule ule, mimi nilihesabu mpaka alama ya rangi iliyobanduka ukutani. Na wale viumbe, mimi ni fundi, macho yangu yanakwenda kwenye mshono yenyewe, wale viumbe wamevishwa sponji la godoro, na mmoja alipogeuka nikaona zipu mgongoni, tena imeshonwa kombo. Watu wote wanaogopa, mimi najiuliza nani aliyeacha zipu ile ipite.

Lakini ilivyo nzuri sasa. Yule nahodha alikuwa anaweza kukaa kimya pale mezani, peke yake, anasikiliza upepo, na ukumbi mzima wenye watoto wanaonyonya na vijana wa karanga ukanyamaza naye. Haikuwa na haraka. Sehemu saba nzima, ukiondoa mbio na sponji, ni habari ya mlango mmoja tu, utafunguliwa au hautafunguliwa, na kila Alhamisi narudi kwa mama mdogo moyo unanidunda, nikijua kabisa kwamba ule mlango ni wa mbao na umepakwa rangi ya fedha.

Sehemu ya saba msichana akarudi, akagonga. Nahodha akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akaweka mkono ukutani kwenye swichi, na ukumbini watu wakaanza kumwambia fungua, fungua baba, na mzee mmoja mnene muuza samaki, sikumjua jina, akasimama juu ya benchi anafoka, "We mzee, mfungulie mtoto! Moyo gani huo?" akateremka kwa hasira akakwaa waya, waya ukatoka ukutani, giza. Mpaka wameuona waya na wamemaliza kumlaumu, inasomwa taarifa ya habari. Hakuna aliyeona mwisho. Watu walitoka pale wanasukumana kwa ghadhabu, na mimi kesho yake nikapanda meli nikarudi nyumbani.

Baba sasa. Baba ukitoka mahali lazima umletee ulichoona, siku hizi macho yake ni mimi. Basi kila siku baada ya sala ya alasiri, mimi kwenye cherehani yeye kwenye kiti chake, nikamsimulia Nahodha, sehemu moja kwa siku. Kwa kuwa Kiingereza sikuelewa, maneno niliyatia mwenyewe kwa kutazama midomo yao. Sponji sikulitaja. Zipu sikuitaja. Kuta nikamjengea za chuma, nzito, zisizotikisika. Akanogewa, akawa ananiita hata kabla sijakunja mkeka. Lakini Baba ni mpishi, na mpishi hana adabu kwa hadithi ya mtu.

"Hebu ngoja. Hao watu wanakula nini?"

"Vidonge, Baba."

"Vidonge! Watu tisa, chombo kizima, hakina jiko?"

"Sikuliona."

"Basi huyo nahodha hafai. Mtu anajenga chombo cha kwenda angani anasahau jiko."

Na msichana alipotoka nje, akanisimamisha tena.

"Na huyu binti, huko nje anakula nini?"

"Hawakuonyesha, Baba."

"Hawakuonyesha au hukutazama?"

"Hawakuonyesha."

"Hapo hadithi ina kasoro," akasema, na kesho yake akaniuliza tena hilo hilo, na keshokutwa pia, mpaka nikaudhika, nikamwambia Baba mimi sikuitunga.

Siku ya saba nikafika mlangoni. Msichana anagonga, nahodha mkono ukutani, na mimi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekusudia kumwambia ukweli kwamba waya ulichomoka, tucheke. Baba alikuwa ameinua uso. Mkono wake umeukamata mkongojo hivi. Akaniuliza, "Akafungua?"

Nikasema, "Akafungua, Baba."

Bi Celina, sikupanga. Lilitoka. Na likishatoka lile moja, yakaja mengine, nikamwambia nahodha alilia, nikamwambia alisema mwanangu ingia kuna baridi, nikamwambia alivua joho lake akamfunika. Nilishona gauni zima, kwapa na kola, Baba hajasema neno. Halafu akasema, "Ijumaa mwambie dada yako aje kula. Na huyo mchukuzi wake aje. Na mtoto."

Walikuja. Baba alipika mwenyewe, kwa kupapasa, Paskalina anamsomea rangi ya kitunguu. Mtoto aliwekwa mapajani akamshika ndevu akazivuta, na Baba akasema huyu ana mkono wa baba yake, na Shomari, mtu wa magunia ya kilo mia, akatoka uani akalia. Tangu siku hiyo kila Ijumaa wanakuja, sasa ni miezi mitano. Nyumba imerudi kuwa nyumba.

Sasa msiba wangu. Mwezi uliopita alikuja Sophia, mtoto wa mama mdogo, ni mwalimu, Kiingereza anakijua na aliitazama Nahodha nyumbani kwa mwalimu mwenzake mpaka mwisho. Nikamuuliza pembeni, ilikwishaje? Akanicheka. Akaniambia kwanza yule msichana si binti yake, wala si mtu, ni mashine, nahodha aliiunda mwenyewe, walisema hivyo sehemu ya kwanza kabisa, ndiyo maana haonekani kula. Pili, hakufungua. Ile swichi haikuwa ya mlango, ilikuwa ya kuizima mashine, kwa kuwa hakuweza kujua wale viumbe wameifanya nini huko nje. Akaizima. Ikaanguka pale kizingitini. Yeye akarudi mezani akaandika ripoti, ikaisha.

Na tatu, wanairudia yote kuanzia mwezi ujao, watu wa Unguja wameiomba. Sophia akaitangaza sebuleni, hana moyo mbaya, hakujua, na Baba akaruka kama kijana. Ametangaza tunakwenda wote Unguja kwa sehemu ya mwisho, yeye, mimi, dada, Shomari na mtoto. Anasema, "Mimi nisichonacho ni macho, masikio ninayo. Nataka nimsikie huyo bwana kwa Kiingereza chake, anavyosema pale mlangoni." Ameshamwambia balozi wa nyumba kumi. Ameshawaambia wazee wa kahawa pale Mnazi Mmoja kwamba yuko mzungu mmoja amemfundisha adabu uzeeni.

Nifanye nini? Nikisema, atajua kwamba alimsamehe dada kwa uongo wa mtoto wake mdogo, na Baba ni mtu wa neno moja, akiona amechezewa atafunga mlango safari hii na mimi nikiwa nje pamoja na dada. Nisiposema, atasikia mwenyewe, mbele za watu, mkwe wake kando yake, kwamba yule nahodha anamzima mtoto. Nimewaza kumwambia meli zimejaa. Nimewaza kuumwa. Nimewaza kumwambia Sophia aniharibie ile televisheni.

Tafadhali usiitoe barua hii gazetini. Nijibu kwa sanduku la posta nililoandika nyuma ya bahasha. Kila Jumapili namsomea Baba gazeti na ukurasa wako ndio anaoupenda kuliko yote, nikiruka mstari ananiambia rudi, anajua kwa kikombe cha chai, anasema Bi Celina ni chai nzima, ukurasa wako ukiisha na chai imebaki anajua nimemwibia.

Ni mimi,
Sitara, Kariakoo


MAJIBU YA BI CELINA

Marahaba, mwanangu. Majina yote nimeyabadilisha, hata la mtaa, lakini barua nimeitoa gazetini, tena nzima, na najua umeshanitukana kimoyomoyo. Tukana umalize, halafu tusikilizane.

Kama ulitaka siri hukuwa na haja ya kunieleza habari za kikombe cha chai. Ulinieleza kwa sababu umechoka kubeba mwenyewe, ukatumaini nitakusemea. Sikusemei. Nimekuwekea maneno mbele, na kama wewe ni yule ninayemwona kwenye barua hii, hivi sasa uko kwenye kigoda chako, baba yako anakunywa chai, na sauti imeanza kukutetemeka tangu ulipotaja Oysterbay. Ulikuwa na nafasi ya kuruka. Kama bado unasoma, basi kazi ngumu umeshaifanya, na nakupongeza.

Sasa ugomvi ulioniomba. Kumdhania mashine kuwa binti si kosa. Wenye hadithi yao walimvika nguo nzuri na kumpa huruma ili umdhanie hivyo hivyo, na ukumbi mzima ulidhania nawe, na yule muuza samaki alipigania mashine mpaka akang'oa waya. Wala kutia maneno kwenye midomo ya Wazungu si kosa kubwa, sote tumewahi kukaa sinema tukafanya hivyo. Kosa ni lile moja. Baba yako haoni. Alikuuliza ulichokiona kwa macho ambayo ni yako na yake, ukampa usichokiona. Ungemdanganya mtu mwenye macho ningekuchapa kidogo, lakini huyu alikuwa hana pa kwenda kuhakikisha. Hilo ni baya, Sitara, na usijifiche kwenye matokeo yake mazuri. Miezi mitano umekula wali wa Ijumaa na hukusema.

Na zipu je? Kwa nini hukumwambia zipu? Umemjengea mzee kuta za chuma kana kwamba ni mtoto atakayelia akijua ni mbao. Mtu aliyekaa miaka kumi na tisa jikoni kwa watu anajua sahani inavyopambwa mbele na sufuria lilivyoungua nyuma. Angecheka mpaka ashike mbavu. Umemnyima kicheko hicho, na hilo nalo nakudai.

Mimi televisheni nimeiona mara moja tu, nimesimama mlangoni kwa watu, kwa hiyo hadithi hii naihukumu kwa ulivyoniandikia wewe. Nami nasema ni nzuri. Ukuta unatikisika, jiwe linadunda, na bado mwanamume mzima anapanda juu ya benchi kumfokea nahodha aliye ndani ya sanduku. Mtunzi gani asiyeitaka hiyo? Hata mwisho wao siulaumu. Ni mchungu, lakini hawakudanganya, wako watu wanaokaa mlangoni mkono uko kwenye swichi, wakaizima, wakarudi mezani kuandika. Tunawajua. Kasoro kubwa ya yule nahodha si jiko. Ni kwamba hakuwa na binti mwingine wa kukaa naye alasiri akamsimulia.

Halafu kuna jambo uliloliandika bila kuliona, na wewe ndiye mwenye macho nyumba hiyo. Baba yako alikuuliza huyu binti huko nje anakula nini. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Wewe ukaliweka kwenye kasoro za hadithi, ukaudhika. Mwanangu, mzee yule alikuwa hazungumzii angani. Mpishi alikuwa na mtoto Buguruni miaka minne, ameolewa na mtu wa kubeba magunia, sukari ya foleni, na yeye amejikataza mwenyewe kuuliza. Akapata mahali pa kuuliza bila aibu, akauliza mara tatu, na mara zote tatu ukamjibu hawakuonyesha. Ungekuwa mwerevu ungemjibu, "Anakula, Baba, anakula vizuri, nilimwona juzi." Mambo yangekwisha sehemu ya tatu, na usingehitaji kufungua mlango wa mtu.

Kwa hiyo unaniuliza kama atamfukuza tena dada yako. Mimi si mganga, siwezi kukuapia. Huenda akakasirika, na ana haki. Huenda wiki mbili ukamsomea gazeti akageuzia uso ukutani. Vumilia, hiyo ni adhabu yako wala si ya Zamzam. Lakini fikiri kidogo: Ijumaa ile nani alipika? Nahodha? Nani alipapasa vitunguu akakaribia kujikata vidole? Wewe ulisema neno moja, akafungua. Ijumaa ishirini na zaidi zilizofuata hakuna aliyemsimulia chochote, aliita mwenyewe, akapika mwenyewe, akavutwa ndevu mwenyewe.

Na wewe Mzee, kwa kuwa najua unasikia, shikamoo. Nimekubadilisha jina lakini unajijua. Sitakufundisha kazi ya ubaba, nina watoto wanne na mmoja haniandikii barua. Nakuomba jambo moja tu. Huyu mdogo amekukosea, mgombeze kama unavyogombeza, mpishi wa Oysterbay hakosi maneno. Ila hasira ya mdogo usimtwishe mkubwa, na wala usimtwishe yule mtoto mwenye mkono wa baba yake. Wao hawajui lolote la habari hii, walialikwa chakula wakaja.

Sitara, ya kufanya ni haya. Leo hii, kabla ya adhuhuri, nenda Buguruni umweleze dada yako na shemeji yako wewe mwenyewe, wasije wakayasikia kwa balozi. Usipeleke zawadi, peleka habari. Kwa wale wazee wa kahawa usiende, hao ni wa baba yako, akitaka atawaeleza, asipotaka watabaki na mzungu wao.

Halafu Unguja mnakwenda. Kwenda mtakwenda, usiniletee habari za meli kujaa. Mkae benchi moja, baba katikati. Yeye atakutafsiria Kiingereza, ambacho wewe hujui, na wewe utamweleza kinachoonekana, chote, sponji, rangi iliyobanduka, jiwe la kudunda, na zipu iliyoshonwa kombo. Kwa mara ya kwanza mtakuwa mmeitazama hadithi hii kamili, wewe nusu na yeye nusu. Nahodha akifika mlangoni usimzibe baba yako masikio, wala usikohoe. Mwache asikie swichi. Waya mtafute mapema, mkae mbali nao.

Baada yangu ukurasa huu una barua ya kijana wa Temeke aliyeposa ndugu wawili kwa wakati mmoja. Huyo ana matatizo yake, atangoja. Usimsomee baba yako. Chai ikiwa imebaki, iache ibaki. Kunja gazeti uliweke kando, usianze na nisamehe wala usianze na kulia, na ujuzi wako wote wa kuremba uuache kwenye cherehani. Anza na sentensi hii, "Baba, nahodha hakufungua," halafu unyamaze. Usimwongezee joho wala baridi. Akikaa kimya muda wa kushona gauni zima, kaa naye. Safari hii mwisho autie yeye.